Jani la Yohana: Dawa ya huzuni inayogombana na dawa nyingine

Mwezi Juni, kandokando ya reli na barabara za vijijini nchini Ujerumani, huchanua ua dogo la njano lenye petali tano. Kwa mbali ni gugu tu. Lakini ukiinama ukachuma tumba ambalo bado halijafunguka, ukalisugua kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, vidole hubaki na wekundu unaokaribia zambarau, kama vya mtoto aliyeshinda juu ya mzambarau. Ukiliinua jani lake dhidi ya jua unaona vitone vinavyopitisha mwanga, kana kwamba mtu alikaa akalitoboatoboa kwa sindano. Si matundu. Ni vifuko vidogo vya mafuta.

Wakristo wa zamani wa Ulaya waliona damu katika wekundu ule. Ua lenyewe huchanua karibu na tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, na Yohana alikufa kwa kukatwa kichwa. Hesabu ikatimia. Wajerumani wakaliita Johanniskraut, jani la Yohana, na jina likabaki hadi leo. Wataalamu wa mimea wanaliita Hypericum perforatum. Katika Kilatini cha waganga wa kale lilikuwa na jina jingine, fuga daemonum, kifukuza mashetani, na watu walilitundika mlangoni ili pepo wabaya wapite mbali. Mtu wa Pwani anayefukiza ubani nyumba inapokuwa nzito hatashangaa kusikia hayo. Mashetani ya Ulaya nayo yalikuwa na dalili zinazofahamika: mtu hali, halali, hacheki, anakaa gizani na hataki kuonana na watu.

Siku hizi dalili hizo zinaitwa sonona, na jani la Yohana halitundikwi tena mlangoni. Limekaushwa, likakamuliwa kwa pombe kali, likageuzwa unga na kushindiliwa katika vidonge. Ujerumani linauzwa kwenye maduka ya dawa na hata kama majani ya chai kwenye rafu za maduka ya kawaida. Marekani na Uingereza limeandikwa kwenye chupa St John's Wort, na kwa jina hilo ndilo linalofika Afrika Mashariki: ndani ya sanduku la ndugu aliyekuja likizo, katika kifurushi kilichoagizwa mtandaoni, au kwenye kabati la kioo la duka la virutubisho, kati ya mafuta ya samaki na unga wa mlonge. Anayelinunua huambiwa maneno mawili yanayouza kuliko tangazo lolote: haina kemikali.

Maneno hayo yana nguvu kwa sababu yanamwondolea mtu mzigo wa pili. Mzigo wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Wa pili ni jina la ugonjwa. Tanzania ukitaja kitengo cha afya ya akili, kuna atakayekuuliza, nusu kwa utani, kama unapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Kenya utani huohuo unaitwa Mathari. Faili la hospitali lina jina lako, foleni ina watu wanaokufahamu, na mjini mwenye duka la dawa huenda akawa shemeji ya jirani yako. Chupa ya majani haina hayo yote. Unaiweka kabatini pembeni ya vitamini, mgeni akiiona unamwambia ni ya kuongeza nguvu, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtu mzima aliyezoea kusema "nina mawazo tu" amepata dawa isiyomlazimu kusema zaidi.

Kiswahili chenyewe kinachangia kificho hiki. Mtu "ana mawazo", "ana msongo", "hana raha", "amenyong'onyea". Maneno hayo yanaweza kumaanisha deni la ada ya shule litakaloisha mwisho wa mwezi, na yanaweza kumaanisha ugonjwa uliokwisha kumla mtu miezi sita. Kipimo cha maswali tisa kinachotumika kliniki nyingi duniani, ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya, kinajaribu kutenganisha mambo hayo mawili. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kupoteza hamu ya vitu vilivyokuwa vikikufurahisha, kujiona huna thamani, kuwaza kufa. Huzuni ya msiba haihitaji kidonge. Huzuni isiyo na msiba, inayokuja asubuhi kabla hata hujakumbuka jina lako, hiyo ni habari nyingine.

Je, jani linasaidia? Swali hili limewagharimu watafiti zaidi ya miaka 30, na jibu lake linachosha kwa anayetaka ndiyo au hapana.

Ujerumani walijibu mapema. Tume ya serikali ya kukagua dawa za mimea, iliyojulikana kama Kommission E, ililikubali jani hilo mwaka 1984, na kufikia miaka ya 1990 madaktari wa nchi hiyo walikuwa wakiliandika kwa wagonjwa wa sonona zaidi kuliko fluoksetini, kidonge ambacho Marekani kilikuwa kimeshakuwa gumzo la taifa kwa jina la Prozac. Mwaka 1996 Klaus Linde na wenzake, wakiwa Munich, walikusanya majaribio 23 yenye wagonjwa 1,757 na kuyachapisha katika jarida la BMJ la Uingereza. Hitimisho lao lilikuwa kwamba kwa sonona nyepesi na ya wastani, jani linashinda kidonge kitupu, yaani kile kisicho na dawa yoyote ndani. Habari zikavuka bahari. Marekani ilikuwa tayari, maana sheria yao ya mwaka 1994 iliruhusu virutubisho kuuzwa bila kuthibitisha kwanza kwamba vinatibu. Chupa zikajaa madukani.

Kisha Wamarekani wakajaribu wenyewe. Aprili 2002 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililogharimiwa na serikali na kufanyika katika vituo 12. Wagonjwa walikuwa 340, wenye sonona kamili, na waligawanywa makundi matatu: wa jani, wa sertralini ambayo ni dawa ya hospitali, na wa kidonge kitupu. Baada ya wiki nane waliohesabiwa kuwa wamepata nafuu kamili walikuwa asilimia 23.9 katika kundi la jani na asilimia 24.8 katika kundi la sertralini. Katika kundi la kidonge kitupu walikuwa asilimia 31.9.

Zisome tena tarakimu hizo. Waliomeza bure ndio walioongoza.

Magazeti ya siku ile yaliandika kwamba jani limeshindwa, na ni kweli lilishindwa. Lakini sertralini nayo, dawa inayoandikwa na madaktari dunia nzima, ilishindwa siku hiyohiyo katika kipimo kikuu cha utafiti, na wachache walipenda kulisema hilo kwa sauti. Ukweli ni kwamba sonona ni ugonjwa mgumu kupima. Mgonjwa aliyeingia kwenye utafiti anapigiwa simu, anasikilizwa na muuguzi kila wiki, anaulizwa amelalaje. Kwa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza swali hilo kwa mwaka mzima, kusikilizwa tu ni dawa, na dawa hiyo ilikuwamo katika makundi yote matatu.

Linde hakuchoka. Mwaka 2008, chini ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, alirudi na majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489. Safari hii matokeo yalisema jani linashinda kidonge kitupu, linakaribiana na dawa za hospitali, na wanaolitumia huacha kwa sababu ya madhara mara chache kuliko wanaotumia dawa hizo. Waandishi waliongeza jambo ambalo wauzaji hawaliweki kwenye matangazo: majaribio yaliyofanyika katika nchi zinazozungumza Kijerumani yalitoa matokeo mazuri zaidi kuliko yaliyofanyika kwingineko. Kwa nini? Labda madaktari wa kule walikuwa na wagonjwa wa aina tofauti. Labda imani ya bibi aliyekuwa akiloweka maua kwenye mafuta ya zeituni, akayaanika dirishani wiki kadhaa hadi mafuta yakawa mekundu, nayo iliingia kwenye hesabu. Mapitio mengine ya mwaka 2016, ya majaribio 35, yalielekea upande uleule, huku yakionya kwamba kwa sonona kali ushahidi ni haba.

Kwa haki, basi, jani la Yohana si maji ya kisima yaliyotiwa rangi. Kwa huzuni nyepesi hadi ya wastani lina kitu. Ila anayesimama dukani na chupa mkononi mara nyingi hatafuti dawa ya huzuni peke yake. Anatafuta dawa ya watu.

Hapa Afrika Mashariki kuogopa watu ni adhabu ya pekee, kwa sababu hakuna pa kujificha. Huwezi kupita barazani kimya. Mkubwa anasubiri shikamoo yake, na ukimpita bila kuitoa habari inafika nyumbani kabla yako. Jirani anataka kujua umeamkaje, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, na maswali hayo yanataka majibu na maswali ya kurudisha. Kwa wengi ni burudani. Kwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio na viganja vinalowa jasho kila macho ya watu yanapomgeukia, njia ya kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala ni mtihani wenye sehemu tano. Anavuka barabara ili asikutane na mtu. Anakataa kuwa katibu wa kikao cha harusi ya ndugu yake. Kazini anaujua uamuzi sahihi lakini mkutano unaisha hajafungua mdomo. Na jamii, ambayo haina jina la ugonjwa huo, ina jina la mtu huyo tayari: anaringa.

Wataalamu wanaiita hofu ya kujumuika, na inapishana na sonona kama mtu na kivuli chake. Aliyenyong'onyea hujitenga, na aliyejitenga hunyong'onyea zaidi. Ndiyo maana wauzaji hawaoni shida kuahidi vyote viwili kwenye chupa moja. Mwaka 2005, hata hivyo, watafiti wa Marekani walilijaribu jani kwa watu 40 wenye hofu hiyo, kwa wiki 12, nusu wakipewa jani na nusu kidonge kitupu. Hapakuonekana tofauti. Utafiti ulikuwa mdogo, na mdogo haufungi mjadala, lakini anayekuambia jani la Yohana linaondoa aibu anakuuzia matumaini yake mwenyewe.

Kwenye rafu ileile kuna mshangao mwingine unaomhusu Mswahili moja kwa moja. Chupa yenye jina la Mucuna, inayotangazwa kwa kuongeza furaha na ari, imetengenezwa kwa mbegu za upupu. Ndiyo, upupu uleule ambao wanafunzi watundu walimwagia kiti cha mwalimu, vinyweleo vya ganda lake vikamfanya mtu mzima ajikune mbele ya darasa. Mbegu zilizo ndani ya ganda hilo zina levodopa, kemikali ileile inayotolewa hospitali kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Kwa ugonjwa huo upupu umechunguzwa kwa uzito. Kwa huzuni na aibu ushahidi ni mwembamba, na aliyeamua kumeza levodopa bila kupimwa anacheza na kichefuchefu, shinikizo la damu na ubongo wake mwenyewe.

Turudi kwa Yohana, maana hatari yake ni ya namna nyingine, na ndiyo inayostahili kusomwa polepole.

Ndani ya jani kuna kemikali mbili zinazotajwa sana. Haiperisini ndiyo inayotia vidole wekundu. Haipaforini ndiyo inayodhaniwa kufanya kazi kubwa kichwani. Chembe za ubongo hupashana habari kwa kumwaga kemikali kama serotonini, kisha huifyonza irudi ndani. Dawa za hospitali kama fluoksetini huziba mlango wa kuifyonzea. Haipaforini haizibi mlango, hupunguza nguvu ya pampu inayoivuta, na haichagui: serotonini, dopamini na nyinginezo zote hubaki nje muda mrefu zaidi. Kufikia hapo simulizi ni tamu.

Lakini haipaforini hupita pia kwenye ini. Ini la binadamu lina kitambuzi kinacholinda mwili dhidi ya sumu, na haipaforini hukigusa kitambuzi hicho kwa nguvu ya ajabu. Ini likishashtuka huajiri wafagiaji wengi, hasa kimeng'enya kinachojulikana kama CYP3A4, na utumbo nao huongeza mabaunsa wa kuzitoa nje kemikali ngeni. Kazi hiyo hukua kwa siku kama 10 hadi 14. Wafagiaji wakishaajiriwa hawaulizi kipi ni sumu na kipi ni dawa uliyoandikiwa na daktari. Wanafagia vyote.

Zurich, Uswisi, waliligundua hili kwa mshtuko. Wanaume wawili wenye umri wa miaka 60 na kitu, waliokuwa wamepandikizwa moyo, walikuwa wakiishi vizuri kwa msaada wa siklosporini, dawa inayouzuia mwili usiushambulie moyo wa mtu mwingine. Mmoja alihisi huzuni kidogo, akajinunulia jani la Yohana. Mwingine alipewa jani hilo na daktari wake wa akili. Wiki tatu baada ya kuanza, kipande kidogo cha moyo kilipokatwa na kuwekwa chini ya hadubini, ilionekana mwili umeanza kuukataa. Siklosporini katika damu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango kinachofaa ingawa dozi ilikuwa ileile. Jani liliposimamishwa, dawa ikapanda tena. Frank Ruschitzka na wenzake waliandika kisa hicho katika jarida la Lancet mwaka 2000.

Toleo hilohilo la Lancet lilikuwa na habari nyingine iliyogusa Afrika kwa karibu zaidi. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapa watu 8 wenye afya indinaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi za wakati ule, kisha wakawaongezea jani la Yohana kwa siku 14. Kiwango cha indinaviri katika damu kilishuka kwa wastani wa asilimia 57. Virusi vikikutana na dawa nusu dozi havifi, vinajifunza. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwezi Februari mwaka huohuo.

Indinaviri imeshastaafu. Anayetumia ARV leo Tanzania, Kenya au Uganda kwa kawaida anameza kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri ndani, na dolutegraviri nayo hushushwa na jani hili. Muuguzi yeyote wa kliniki ya kifua kikuu anaielewa hali hiyo bila kufundishwa, kwa sababu rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugusa kitambuzi kilekile cha ini. Ndiyo maana mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu na VVU kwa pamoja huongezewa dolutegraviri, akameza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tofauti ni kwamba rifampisini imeandikwa kwenye faili. Chupa ya majani imo kabatini nyumbani, na daktari hajui kama ipo.

Orodha haiishii hapo. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, ambayo karibu kila familia ya ukanda huu imewahi kuimeza, hufagiwa na wafagiaji haohao. Maelezo ya Coartem, jina la kibiashara la ALu, yaliyoidhinishwa Marekani yanalitaja jani la Yohana kwa jina miongoni mwa vitu visivyoruhusiwa kutumika nayo. Warfarini ya kuzuia damu kuganda hushuka. Digoksini ya moyo hushuka. Na kwa kina mama: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kupokea taarifa mbili za wanawake waliopata mimba wakiwa na vijiti vya uzazi wa mpango mkononi huku wakitumia jani hili. Vijiti ni chaguo la wanawake wengi wa Afrika Mashariki hasa kwa sababu ukishawekewa unasahau. Hakuna anayetarajia chai ya maua ivizime.

Upande mwingine kuna hatari ya kuzidisha. Anayechanganya jani na dawa ya hospitali ya sonona, au na tramadoli ambayo mitaani inauzwa kama peremende, anaweza kufurika serotonini: joto la mwili, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, akili kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Na mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, leo huzuni, kesho furaha isiyolala, anaweza kusukumwa na jani hadi kwenye kilele kibaya.

Ngozi nayo ina neno lake. Haiperisini huamka ikipigwa na jua. Kwa binadamu anayetumia dozi za kawaida tatizo hilo ni nadra, lakini mifugo ya Marekani na Australia, ambako mmea ulifika kama mgeni na kusambaa malishoni, iliungua pua na masikio, hasa kondoo na ng'ombe weupe. California ilishindwa kuling'oa. Miaka ya 1940 wakaagiza kutoka Australia mbawakawa wadogo wa jamii ya Chrysolina, wadudu wanaolila jani hilo na karibu hawagusi kingine, na ndani ya miaka michache malisho yakasafika. Wafugaji wa Eureka wakamwekea mdudu yule kumbukumbu. Katika masimulizi yote ya dawa za mitishamba, huyu ndiye mtumiaji pekee aliyewahi kujengewa mnara kwa kulimaliza.

Ireland haikusubiri mbawakawa. Mwaka 2000 nchi hiyo iliamua jani la Yohana litolewe kwa cheti cha daktari tu. Ujerumani yenyewe, nyumbani kwake, ilifuata kwa sehemu mwaka 2009: vidonge vinavyotangazwa kwa sonona ya wastani navyo vikawa vya cheti cha daktari. Nchi zinazolijua jani kwa karne nyingi ndizo zilizoamua kuliheshimu kama dawa.

Kuna swali jingine ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa hana namna ya kulijibu: ndani ya chupa kuna nini? Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alipima virutubisho vya mitishamba kutoka maduka manne makubwa, jani la Yohana likiwamo, na kutangaza kwamba vinne kati ya vitano havikuonyesha chembe za mmea ulioandikwa kwenye lebo. Wataalamu walibishana naye. Kukamua mmea kwa pombe huharibu vinasaba, walisema, kwa hiyo kuvitafuta vinasaba hivyo kwenye unga ni kumtafuta mwali aliyekwisha olewa. Hoja yao ina mashiko. Hata hivyo mabishano yenyewe yanaeleza hali ilivyo: katika nchi yenye maabara za kila aina, hakuna aliyeweza kumwambia mnunuzi kwa uhakika alichomeza. Na hata unga ulio halali hutofautiana. Kuna michanganyiko ya Uswisi iliyoondolewa sehemu kubwa ya haipaforini ili isiliamshe ini, na mingine imejaa. Kwa nje zote ni vidonge vya jani la Yohana.

Mimea yenye jina hilo la ukoo ipo hapa pia. Anayepanda Kilimanjaro au Mlima Kenya, akishapita msitu mzito na kuingia eneo la vichaka, hupishana na miti yenye maua makubwa ya njano yanayong'aa. Ni Hypericum revolutum, binamu wa mlimani. Binamu si ndugu, na majaribio ya Ulaya hayakufanywa kwa mti huo. Mtu asije akashuka na gunia.

Kwa anayeteseka leo, kuna msaada ambao haujifichi kwenye chupa. Fluoksetini na amitriptilini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pia kuna kuzungumza, na hapa Afrika imetoa somo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe, akiwa hana wataalamu wala vyumba, aliwachukua wahudumu wa afya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, wengi wao kina bibi, akawafundisha kumsikiliza mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja moja. Mwaka 2016 JAMA, jarida lilelile lililotangaza kushindwa kwa jani, lilichapisha jaribio la watu 573 katika kliniki 24 za jiji hilo. Baada ya miezi sita waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kati ya waliokaa na kina bibi, na asilimia 49.9 kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo ulivuka mipaka hadi Zanzibar.

Ugumu wake ni uleule ambao chupa ilikuwa inaukwepa. Kwenye benchi lazima useme.

Basi kwa msomaji ambaye chupa tayari anayo: usiitupe kimyakimya, na usiikatishe ghafla ikiwa unatumia dawa nyingine. Itie mfukoni, pamoja na kila kidonge kingine unachomeza, cha hospitali na cha duka, uende navyo vyote kwa mfamasia au kliniki yako. Kama una ARV, kijiti, dawa ya moyo, ya kifafa, ya kuzuia damu kuganda au kiungo kilichopandikizwa, nenda wiki hii. Kama umeanza kuwaza kufa, nenda leo, na usiende peke yako. Mweleze mhudumu pia ulimeza jani hilo mara ya mwisho lini, kwa sababu ini huchukua takriban wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho kurudi katika hali yake.